Picha Ni Yako au Ni ya Simu?

Nakuandikia kutoka huku Likoni, ng'ambo ya feri. Leo sina shairi wala kitendawili. Nina neno juu ya kuhariri picha, kazi ambayo sisi vijana twaifanya usiku na mchana kwa simu.

Maoni yangu ni haya: mwenye kuhariri picha sharti awe na jicho lake mwenyewe kabla hajabonyeza kitu. Akikosa, mashine itamwamulia.

Hebu tuwatazame waliotutangulia. Kule Lamu alikuwako Omar Said Bakor, mwenye Bakor Photo Studio, aliyefariki mwaka wa 1993. Programu ya Photoshop ilianza kuuzwa mwaka wa 1990, lakini Bakor alikuwa akiunganisha picha kwa mikono yake miaka mingi kabla ya hapo. Alikata, akapanga upya, akapiga tena, mpaka vipande vikawa picha moja.

Hapa kwetu nako, katika miaka ya 1990, kando ya feri palikuwa na vibanda vya wapiga picha, wengi wao watu wa bara. Walitundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege, mteja akasimama mbele akapigwa. Meli ile ilikuwa rangi tu, lakini mteja alisimama mbele yake kwa kupenda kwake.

Je, sisi? Picha ya darasa letu ilipelekwa studio moja kutengenezwa. Iliporudi, wanafunzi 40 sote tumekuwa weupe pe! Bibi yangu aliigeuzageuza, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, wewe uko wapi hapa? Au ndiye huyu aliyepakwa unga?" Nyumba nzima ilicheka, lakini mimi roho iliniuma. Nani aliamua kwamba weusi wetu ni kasoro ya kurekebishwa?

Kuna watakaosema, "Ah, hayo si mapambo tu jamani?" Mimi sipingi mapambo. Bakor naye alipamba. Ninachopinga ni pambo ulilochaguliwa na mtu aliyeunda filta huko mbali, ambaye hajui jua la Kisauni wala vumbi la Changamwe, nawe wabonyeza tu bila kufikiri. Ndipo picha zetu zote zikafanana kama sare.

Basi wenzangu, nawaasa mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuhariri, andika sentensi moja: ni nini kilichonivutia hapa? Kama ni jua la asubuhi juu ya maji ya kivuko, rekebisha mwangaza mpaka jua lile lionekane, kisha uwache. Pili, ihifadhi picha ya asili, ulinganishe. Tatu, usibadilishe sura ya mtu bila ruhusa yake.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Chama chetu kikitundika picha ukutani mwaka huu, naomba bibi zetu waje, watutambue bila kuuliza.