Habari za Mzigo Zitangulie Gari la Moshi

Kila mtu akaaye katika Mkoa wetu wa Songwe amepata kuona malori yaliyopangana barabarani Tunduma, yakingoja kuvuka kwenda Nakonde katika nchi ya Zambia. Watu huyasema malori hayo kwa sababu yamo njiani mwetu. Walakini wachache huwaza juu ya gari la moshi, ambalo huuvuka mpaka uo huo. Katika makala haya nataka kueleza neno moja juu ya gari hilo. Reli ya TAZARA haitatufaa kama ipasavyo mpaka habari za mzigo zifike mpakani kabla ya mzigo wenyewe. Jambo hilo siku hizi lawezekana kwa kompyuta, ikiwa nchi mbili zitakubali kusomeana.

Yafaa tukumbuke kwanza sababu ya kujengwa kwa reli hii. Zambia haina bahari. Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na njia ya kusini iliyopitisha shaba ya Zambia ikawa njia ya mashaka. Rais Nyerere na Rais Kaunda wakatafuta njia nyingine. Mwaka 1967 mkataba ulitiwa sahihi mjini Beijing, na China ikatoa mkopo usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970, reli ikamalizika mwaka 1975, na mwaka 1976 ikakabidhiwa kwa serikali zetu mbili. Urefu wake ni kilomita 1,860, toka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Ni mali ya nchi mbili kwa sehemu sawa, na behewa laweza kutoka bandarini likafika Zambia bila kupakuliwa njiani.

Basi reli ni moja, na shirika ni moja. Lakini forodha ni mbili, na sheria ni mbili. Hata saa ni mbili, maana saa ya Tunduma ikiwa saa nne asubuhi, ya Nakonde ni saa tatu. Wajenzi walitoboa milima kati ya Mlimba na Makambako, wakaunganisha vyuma vya nchi mbili kwa muda wa miaka mitano. Karatasi za nchi mbili ni kazi nyepesi kuliko milima, lakini zaidi ya miaka hamsini imepita na bado twazungumza juu yake.

Labda msomaji atauliza, kwa nini nisishughulike na malori, ambayo ndiyo mengi? Jibu ni kwamba karatasi yenye kosa huliumiza gari la moshi zaidi kuliko lori. Lori likiwa na kosa katika hati zake, huambiwa lisogee kando, na lililo nyuma yake likapita. Behewa haliwezi kusogea kando peke yake. Limefungwa katikati ya mabehewa mengine, na pengine kila behewa lina mwenyewe. Hesabu ya uzito ikikosewa katika behewa moja, au namba ya lakiri ikiwa si ile iliyoandikwa, basi gari zima hungoja, au injini ianze kwenda mbele na nyuma mpaka behewa lile litolewe. Na kwa kuwa reli yetu ni ya njia moja, magari hupishana katika stesheni tu. Gari lililokwama mpakani laweza kulichelewesha gari lingine ambalo halina kosa lo lote.

Ajabu ni kwamba watu wa reli wanalijua dawa la jambo hili tangu zamani. Katika reli ya njia moja, mkuu wa stesheni haruhusu gari kuondoka mpaka stesheni ya mbele imepewa habari na kukubali kwamba njia ni nyeupe. Kanuni hiyo iliwekwa ili magari yasigongane, nayo imeokoa roho za watu wengi duniani. Maana yake ni kwamba habari hutangulia na gari hufuata. Mimi nasema kanuni iyo hiyo itumike kwa mzigo.

Habari zinazotakiwa si nyingi. Ni namba ya behewa, jina la bidhaa, uzito, namba ya lakiri, jina la mpelekaji na la mpokeaji, na ikiwa mzigo ni wa hatari au sivyo. Zikiandikwa mara moja mzigo unapopakiwa Dar es Salaam, zaweza kusomwa dakika ile ile Tunduma, Nakonde na Kapiri Mposhi. Toka Dar es Salaam hadi Tunduma ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Katika muda huo wote maofisa wa forodha wa nchi zote mbili wangekuwa wamekwisha kuzisoma hati, wakakubali zilizo safi na kuuliza juu ya zenye shaka. Gari linapofika Mbeya, kabla ya zile kilomita zaidi ya 100 zilizobaki, mkuu wa gari angejua mabehewa gani yatakaguliwa. Mabehewa hayo yangewekwa nyuma kabisa, ili Tunduma yakatwe upesi na mengine yaendelee na safari.

Fikirini pia juu ya mizigo ya hatari. Reli hii hupitisha kiberiti cha unga kiendacho kwenye migodi ya shaba. Kikishika moto, mtu wa zimamoto asiyejua kilichomo behewani aweza kuingia katika moshi wenye sumu. Ni afadhali stesheni ijue kabla gari halijafika.

Kwa nini basi neno rahisi hivi lina shida? Ni kwa sababu kila nchi ina daftari lake. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kutumia mfumo wa kompyuta uitwao TANCIS mwaka 2014. Zambia ilichagua ASYCUDA, uliotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD. Kila mmoja ni mzuri kwao. Lakini bidhaa moja ikiandikwa kwa namna moja huku, na kwa namna nyingine kule, na tena kwa namna ya tatu katika vitabu vya reli, karani itampasa kuandika upya yale yaliyokwisha andikwa, na kila kuandika upya ni mlango wa kosa. Tena Tanzania imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Zambia haimo. Zambia imo katika COMESA, ambayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Twakutana katika SADC. Kwa hiyo mapatano hayatakuja yenyewe kwa sababu ya ujirani, bali lazima yatafutwe.

Wala si jambo geni katika Afrika. Mwaka 2009 Zambia na Zimbabwe zilifungua Chirundu kituo cha pamoja cha mpakani, kilichokuwa cha kwanza cha namna yake katika bara letu. Mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zilianza utaratibu wa himaya moja ya forodha, ambao kwao hati za mzigo hushughulikiwa bandarini mara uingiapo, na nchi uendako hupata habari zake kabla haujafika. Na hapa kwetu, tarehe 5 Oktoba 2019, Rais Magufuli na Rais Lungu walifungua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde. Kituo hicho ni hatua kubwa, lakini kiko kando ya barabara kuu, na msafiri wa lori ndiye anayekiona kwanza. Gari la moshi nalo linastahili kupewa haki yake.

Mambo haya si ya wafanyabiashara wakubwa peke yao. Mwezi wa Februari 2024 Rais wa Zambia alitangaza kwamba ukame ni janga la taifa, kwa kuwa mahindi yalikauka mashambani. Mwaka uo huo yalifanywa mapatano ya kuiuzia Zambia mahindi tani 650,000 kutoka kwa wakala wetu wa hifadhi ya chakula, NFRA. Mkoa wetu ni wa wakulima wa mahindi, na jirani zetu walikuwa na njaa. Wakati kama huo, kila siku ambayo chakula chakaa mpakani kwa sababu ya tarakimu iliyokosewa ni siku ya mtoto kulala bila kula. Wazee walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii maneno yao yalikuwa na maana iliyo wazi kabisa.

Tena yatupasa kutazama mbele. Reli hii ilikusudiwa kuchukua tani milioni 2 kwa mwaka. Katika mwaka wa 2014/2015 ilichukua tani zipatazo 88,000 tu. Sitadai kwamba mpaka ndio uliosababisha hayo yote, maana injini zilikuwa chache, mabehewa mabovu, na fedha hapana. Lakini mwezi wa Septemba 2024 Rais Samia, Rais Hichilema na Rais Xi walishuhudia hati ya makubaliano ya kuifufua reli ikitiwa sahihi Beijing, na mwaka 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China iitwayo CCECC, wenye thamani ya dola bilioni 1.4. Upande wa magharibi nako, njia ya Lobito katika Angola inafufuliwa, nayo inaitaka shaba ile ile. Mwenye shaba hatazipima injini tu. Atahesabu siku za safari, na siku za kungoja zimo katika hesabu hiyo. Injini mpya ikikimbia ili iwahi kusimama Tunduma, tutakuwa tumenunua haraka ya bure.

Sasa nitajibu hoja za wanaopinga. Wengine husema kompyuta hufa na umeme hukatika. Ni kweli. Kwa hiyo pawe na betri, na nakala iliyochapwa ije na gari. Mtambo ukifa, kazi irudi kwenye karatasi kwa saa chache tu, na si kwa mwaka mzima.

Wengine husema siri za wafanyabiashara zitatoka nje. Hofu hiyo nayo ina haki. Tanzania ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2022, na mapatano ya mpakani yafuate roho yake. Kila ofisi ipewe yale inayoyahitaji tu, na jina la kila aliyefungua hati liandikwe. Kwa kweli hati iliyomo katika kompyuta yaweza kuonyesha ni nani aliyeisoma, lakini karatasi iliyo mezani haiwezi.

Wengine husema haraka haraka haina baraka, na magendo yatapita. Mimi naona kinyume. Ofisa aliyesoma hati siku tatu mbele ana wakati wa kufikiri. Anayezipokea dirishani huku watu wakimpigia kelele hana wakati huo. Lakini nakubali kwamba uongo ukiandikwa katika kompyuta hubaki uongo. Mizani na lakiri havitaacha kuwa na kazi.

Hoja ya mwisho ndiyo ngumu. Tunduma watu wengi hula kwa sababu wengine wanangoja. Mama lishe humwuzia chakula dereva aliyekwama, mwenye nyumba ya wageni humpa chumba, na kijana wa wakala wa forodha hupata riziki kwa kukimbia na karatasi toka dirisha hili hadi lile. Baadhi yetu ni watoto wa watu hao, na ada na sare zetu zimetoka katika fedha hizo. Sitawadanganya wasomaji kwamba hapana atakayepungukiwa. Wapo. Hata hivyo mji unaotegemea ucheleweshaji una msingi wa mchanga, kwa maana mizigo ikipata njia nyingine, foleni itakwisha na kazi itakwisha pamoja nayo. Afadhali Tunduma ijiandae kwa maghala, mashine za kusaga na kukoboa, gereji za mabehewa, na vijana wa uwakala wafundishwe kazi ya hati za kompyuta kabla hawajanyang'anywa ile ya karatasi. Hilo liwe sharti la mapatano, lisiachwe kama ahadi ya baadaye.

Kwa hiyo naomba mambo manne. La kwanza, TAZARA na forodha za nchi mbili ziwe na orodha moja ya kila gari, yenye namba zile zile. La pili, orodha hiyo ipelekwe gari linapoondoka, nayo ijibiwe kabla halijafika Mbeya kwa upande wetu, na kabla halijakaribia Nakonde kwa upande wa Zambia. La tatu, saa za kila habari ziandikwe wazi kuwa ni za nchi gani. La nne, kila mwezi itangazwe hadharani gari la moshi limesimama mpakani kwa muda gani na kwa sababu gani, ili wananchi wajue kama mambo yanatengenea.

Nasi wanafunzi tusidhani kwamba haya ni ya wakubwa tu. Baada ya mitihani baadhi yetu watakaa katika ofisi hizo hizo. Mfumo wote niliousema husimama juu ya mtu mmoja anayeandika namba ya behewa sawasawa siku ya kwanza. Tabia hiyo haifundishwi na kompyuta. Hujifunzwa sasa, katika daftari la maabara, katika hesabu za duka la shule, na katika rejesta ya darasa. Mwenye kuandika "kama kumi hivi" leo ataandika vivyo hivyo Tunduma, na watu wa nchi mbili watamngoja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne