Mafuta au losheni kabla ya wembe? Kijana wako aanze na maji

Mama mmoja wa Ipuli, hapa Tabora mjini, ana kijana wa kidato cha tatu aliyerudi likizo na kidevu kilichojaa vipele. Kijana anasema alifuata ushauri wa wenzake bwenini: paka losheni nyingi, pitisha wembe, basi. Mama anauliza kama losheni ndiyo imemharibu mwanawe, na kama ampe mafuta badala yake. Baba yuko mbali kikazi, na yeye mambo ya ndevu hayajui.

Mama, losheni haina kosa kubwa. Kijana amenyoa ndevu kavu.

Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu. Ukilowa maji ya uvuguvugu dakika 2 au 3 huyanyonya, huvimba kidogo na kulainika, na wembe hukata bila kuvuta. Mafuta hayawezi kazi hiyo. Yenyewe huufanya wembe uteleze, usikwaruze ngozi. Ukiyatanguliza kwenye ndevu kavu unazifunika, na maji yanapata shida kupenya. Kwa hiyo anawe kwanza kwa maji ya moto kiasi na sabuni, au aweke taulo lililochovywa usoni, au anyoe mara tu baada ya kuoga. Ndipo apake matone machache ya mafuta juu ya ngozi iliyo bado na maji, na juu yake povu la sabuni au krimu ya kunyolea.

Losheni ina maji na mafuta ndani yake, lakini imetengenezwa ili ngozi iinywe. Kijana akifika upande wa pili wa shavu, utelezi umekwisha. Nyingi pia zina manukato, na manukato kwenye mkwaruzo yanawasha kweli kweli. Kama hana kingine, losheni isiyo na harufu ni afadhali kuliko kunyoa pakavu. Mahali pake hasa ni baada ya kunyoa, zaidi miezi hii ya kiangazi ambapo upepo wa Tabora unapasua hadi midomo.

Mafuta yapi, basi? Mji wetu ni njiapanda tangu enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, na reli nayo inagawanyika hapa hapa kwenda Kigoma na Mwanza, kwa hiyo sokoni hatukosi kitu. Mafuta ya nazi kutoka pwani yanafaa, kwa kuwa ni mepesi na yanasuuzika. Ya alizeti nayo yanafaa, hata yale ya jikoni, mradi hayajakaangiwa samaki. Mawese ya Kigoma tuyaachie maharage; rangi yake itabaki kwenye kola ya shati la shule. Mafuta ya mgando na nta ya nyuki, ambayo mkoa huu tunayo tele, ni mazito mno. Yanaziba wembe, kijana anaanza kukandamiza, na hapo ndipo anapojikata.

Sasa vipele vyenyewe. Nywele zetu zimejikunja. Zikikatwa chini sana, ncha iliyochongoka hugeuka ikiota na kuingia tena kwenye ngozi, na mwili huipokea kama mwiba. Ndiyo maana kunyoa hadi shavu ling'ae si sifa kwa kijana wa namna hii. Anyoe kufuata zinakolala nywele, asivute ngozi, asirudie sehemu moja mara nne, na asuuze wembe kila baada ya mpito. Wembe wa makali mengi yaliyopangana huvuta unywele na kuukata chini ya ngozi, hivyo ule wa kawaida wa kali moja humfaa zaidi.

Lakini huyu mwenye vipele tayari asinyoe kwa wembe kabisa kwa mwezi mmoja hivi. Ndevu zikizidi, apunguzwe kwa mashine, ziachwe fupi bila kufika kwenye ngozi. Asivitumbue. Wala asipewe krimu ya kung'arisha ili madoa yaondoke. Zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na bado zinauzwa kwa kificho. Vikitoa usaha, au kovu likianza kuvimba na kukua, mpeleke hospitali.

Kilichonishtua katika ujumbe wa mama huyu ni sentensi ya mwisho: kule bwenini wembe mmoja hutumiwa na vijana watatu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza, na tone la damu lisiloonekana kwa macho linatosha. VVU navyo havidumu hivyo nje ya mwili, lakini wembe wenye damu mbichi ni hatari ileile. Kusuuza kwa maji ya bomba hakusaidii. Kabla hajapanda basi kurudi shule, mnunulie wembe wake na kisanduku cha kuufungia, na mwambie waziwazi kwa nini hatamwazima hata rafiki yake wa damu.

Na kama baba hatarudi karibuni, mjomba anaweza kusimama naye kwenye kioo mara ya kwanza. Mjomba akikosekana, mama, chemsha maji usimame naye mwenyewe.