Mpira laini ao mpira mgumu? Tuwaulize kwanza watoto wenyewe

Leo siongelei barabara wala bei ya unga. Naongelea mpira wa watoto. Najua kuna papa atakayefunga redio akisema haya ni maneno madogo wakati watu wanatafuta cha kutia kwenye sufuria. Asifunge bado. Mtoto aliyeacha kijiji, shule na rafiki zake hana mengi yaliyobaki ya kumfanya acheke saa kumi ya jioni. Mpira ni moja ya hayo machache, na sisi watu wazima tunamchagulia vibaya.

Mambo huwa hivi. Shirika la kiutu linafika na gari na kugawa mipira. Sitaji jina, kwa sababu si shirika moja tu. Mipira inapendeza macho: yote namba 5, imepigwa pompa mpaka ukiigonga kwa kidole inalia kama ngoma. Picha zinapigwa, gari linaondoka. Siku ya kwanza kiwanja kinajaa. Siku ya tatu unakuta wavulana wa miaka kumi na sita peke yao, wenye viatu ao wenye nyayo zilizokwisha kukomaa. Wadogo wamekaa pembeni wakitazama. Wasichana ndio wa kwanza kuondoka. Mama mmoja wa Ndosho aliniuliza kwa nini binti yake wa miaka tisa, aliyekuwa anacheza kila siku na mpira wa matambara, hataki tena kutoka nje tangu ule mpira mzuri ufike. Nikamuuliza mtoto mwenyewe. Akanionyesha juu ya mguu wake, pale vidole vinapoanzia. Unauma, basi.

Tukumbuke tunacheza juu ya nini. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ulishuka tena na kuishia Buhene, kwenye mlango wa mji. Yale mawe meusi yenye matundu ndiyo kiwanja cha watoto wengi hapa. Yanakata kama wembe mzee. Mpira mgumu ukigonga jiwe la namna hiyo, hakuna anayejua utaelekea wapi: usoni mwa mtoto, kwenye sufuria ya jirani, ao barabarani kati ya pikipiki na chukudu. Mpira laini ukigonga jiwe unaruka kidogo tu, na mtoto anaukimbilia.

Mpira uliojaa upepo haubonyei, kwa hiyo nguvu yote inarudi kwenye mguu mara moja. Ule laini unabonyea, unakaa kwenye mguu kwa muda mrefu kidogo, na kishindo kinagawanyika. Mwenye viatu haoni tofauti kubwa. Asiye na viatu anaiona kwenye kila pasi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na nayasema wazi: kwa watoto wa chini ya miaka 12, wanaocheza bila viatu juu ya mawe, tuchague laini. Mpira mgumu tuuache kwa vijana wenye viatu na wenye kiwanja cha udongo ao cha majani.

Nikisema laini sisemi mpira uliokufa. Wengi hawajui kwamba hata sheria za mpira wa miguu zinaacha nafasi kubwa hapo. Mpira wa mechi ya watu wazima unapaswa kuwa na mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, na upepo ndani yake uwe kati ya 0.6 na 1.1 ya kipimo kinachoitwa atimosfia. Tazameni hizo namba mbili za mwisho. Ya juu inakaribia kuwa mara mbili ya ile ya chini. Maana yake mpira wa 0.6 ni wa halali kabisa, refa mkubwa anaukubali, na bado ni mpole zaidi kwa mguu kuliko ule wa 1.1. Tena mpira uliojazwa asubuhi na kuachwa juani mpaka saa nane unazidi kuwa mgumu wenyewe, kwa sababu upepo wa moto unasukuma.

Hatuna kipimo cha upepo, lakini tuna kidole gumba. Ubonyeze mpira kwa nguvu ya kawaida. Usipoingia hata kidogo, ni mgumu mno kwa mtoto. Ukiingia kidogo na kurudi, ni vizuri. Ukiingia sana na ngozi ikajikunja, hapo umeharibu upande mwingine, maana mpira unaojikunja kila ukipigwa unachoka kwenye mishono na kufunguka mapema. Wanaotoa upepo mpaka mpira unakuwa kama mto wa kulalia wasidhani wanasaidia.

Halafu kuna ukubwa, na hapa ndipo nakasirika kidogo. Kwa nini kila mara namba 5? Mtoto wa miaka 8 mpaka 12 ana mpira wake, namba 4, wenye mzunguko wa sentimita 63.5 hadi 66 na uzito wa gramu 350 hadi 390 hivi. Wa chini ya hapo wana namba 3, ulio mdogo na mwepesi zaidi. Kumpa mtoto wa miaka saba namba 5 iliyojaa ni kama kumpa jembe la baba yake. Atalibeba, ndiyo, lakini hatalima.

Huko Marekani na Finland kuna mchezo wa kurusha visahani vya plastiki kuelekea kikapu chenye minyororo. Kikapu hicho kilitengenezwa miaka ya 1970 na Mmarekani Ed Headrick. Wachezaji wake wanabishana, na wala hawacheki, kama kisahani cha kutupia karibu na kikapu kiwe laini ao kigumu. Wapenzi wa laini wanasema kinashika minyororo vizuri na kikianguka hakikimbii mbali. Wa kigumu wanasema chao hakipindi mkononi wakati wa joto, na kinaruka namna ileile kila siku. Mtu anaingia dukani, anabonyeza kimoja kwa vidole, anabonyeza kingine, anachukua kile ambacho mkono wake unakubali. Siwacheki hata kidogo. Nasema tu kwamba mtu mzima, mwenye viatu, kwenye majani, anapewa nafasi ya kubonyeza kabla ya kuchagua. Mtoto wa kambini, miguu mitupu juu ya mawe ya volkano, hakuna aliyewahi kumnyooshea mipira miwili na kumwambia: bonyeza, sema upi.

Sasa nisikie wanaonipinga, maana wapo na wana maneno mazito.

Kocha mmoja wa ekipi ya vijana kule Katoyi ananiambia mpira laini unaharibu mguu. Mtoto anazoea kupiga kitu kizito kisichoruka, siku akikutana na mpira wa mechi anapiga juu ya mti. Ana haki, kwa kijana wa miaka 15 anayetafuta ekipi. Lakini kwa mtoto wa miaka tisa? Kuna mchezo wa mpira wa miguu wa ukumbini, futsal, ambao mpira wake umetengenezwa makusudi usiruke: ukiuachia kutoka mita 2, mruko wa kwanza uwe wa sentimita 50 hadi 65 tu, wakati mpira wa kawaida unapita mita moja. Huo si laini, niseme ukweli, ni mzito kwa umbo lake, gramu 400 hadi 440. Lakini wakubwa wengi wa Brazili walikulia kwenye mchezo huo, na miguu yao haikuharibika. Mpira usioruka unamfundisha mtoto kuushika chini, kugeuka nao, kumwona mwenzake. Kuruka kutakuja.

Tena kuna kichwa. Mwaka 2015 Marekani ilitangaza kwamba watoto wa miaka 10 na chini yake wasipige mpira kwa kichwa. Mwaka 2020 vyama vya mpira vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini vikasema watoto wa shule za msingi wasifundishwe kichwa mazoezini. Hao wana mipira mizuri, nyasi na daktari karibu. Sisi tunawapa wetu mpira mgumu wa watu wazima na kuwapigia makofi wanaporuka kuupiga kwa kichwa.

Neno zito zaidi lilitoka kwa vijana wenyewe, pale Mugunga. Waliniambia: mwandishi, ukisema watupe laini, wataona tunastahili vitu nusu. Tumeshapewa shitingi badala ya nyumba, unga badala ya shamba. Angalau mpira uwe wa kweli. Sikuwa na jibu la haraka. Mtu aliyepoteza kila kitu anajua mara moja anapopewa kitu cha kumtuliza tu. Ndiyo maana sitaki mpira wa kuchezea mtoto mchanga uletwe kambini. Nataka mpira wa kweli, wa kushonwa vizuri, namba inayomfaa mtoto, wenye upepo unaomfaa. Na wale wakubwa wapewe namba 5 yao, wala wasinyang'anywe kwa jina la wadogo. Kumpa kila mtu kitu kimoja kwa sababu ni rahisi kununua kwa katoni, hapo ndipo dharau ilipo.

Na mpira wa matambara je? Mifuko ya plastiki, nguo kuukuu, kamba ya mgomba, dakika ishirini za kazi. Hauhitaji pompa, hautoboki, hauumizi. Ubaya wake ni mvua: ukilowa unakuwa mzito kama jiwe, na hauruki kamwe. Lakini wasichana wengi wanaocheza vizuri hapa walianza nao. Wazazi wasiuone kama alama ya umaskini wa kufichwa.

Kuna pia mpira wa povu gumu, usiojazwa upepo, unaoitwa One World Futbol. Mmarekani Tim Jahnigen aliuanzisha baada ya kuona kwenye televisheni watoto wa Darfur wakipiga mpira wa takataka zilizofungwa pamoja. Mwimbaji Sting alisaidia kwa pesa, na ulitoka mwaka 2010. Ukikatwa na jiwe unaendelea kucheza. Kwa kiwanja chetu ni wazo la akili, na mashirika yanayoagiza vitu kwa kontena yangeweza kuufikiria. Mimi sijaukuta Birere wala soko la Virunga, kwa hiyo siwezi kuujengea matumaini ya wazazi.

Tubaki na tunachoweza. Mpira wowote wa kujaza upepo bila pompa ni mpira wa wiki mbili. Wenye kununua waangalie mfuko wa ndani: wa butili unashika upepo muda mrefu, wa lateksi unapendeza kwa mguu lakini unataka pompa kila baada ya siku chache. Kwa kambi, butili. Sindano ilowanishwe kwa maji kabla ya kuingizwa, maana sindano kavu inapasua kitundu, na hapo hata fundi hana la kufanya. Mshono ukianza kufunguka, mpelekeeni fundi wa viatu siku hiyohiyo. Ukingoja wiki, mfuko unachungulia nje na jiwe linaumaliza.

Komite za kambi na walimu wa mitaa, nawaomba jambo ambalo halina gharama. Gari la mipira likifika, msitie saini ya kupokea kabla ya watoto wanne, wawili wavulana na wawili wasichana, kuibonyeza na kuipiga bila viatu mbele ya wanaogawa. Wakisema ni migumu, upepo utolewe palepale, mbele ya kamera zao. Ombeni kwamba safari ijayo namba 4 na namba 3 ziwe nyingi kuliko namba 5, na kila mipira kumi ije na pompa moja na sindano za akiba. Pangeni pia saa: wadogo na wasichana waingie kwanza, kabla jua halijapoa na wakubwa hawajafika, la sivyo hata mpira laini kama pamba utaishia mikononi mwa wenye nguvu.

Na wewe mwenye baiskeli ao pikipiki mtaani, pompa yako inatosha kujaza mpira. Kinachokosekana karibu kila mahali ni ile sindano ndogo ya chuma. Ukiwa nayo nyumbani bila kazi, ipeleke kwa mwalimu wa karibu wiki hii.