Abiria Aombwe Ruhusa

Toleo hili linahusu sanaa ya maonyesho ndani ya vyombo vya usafiri, na mimi naanzia barabara ya Garissa. Ukishapita Mwingi na Ukasi unaingia Tana River, unafika Bangale. Ndani ya basi kuna Mworma, Msomali, Mkamba, Mpokomo anayeelekea Hola. Kwenye kizuizi cha polisi wote hushuka, wakapanga foleni vitambulisho mkononi. Kuna ambaye chake hutazamwa mara moja akapita. Kuna ambaye chake hugeuzwageuzwa, akaulizwa anatoka wapi, anakwenda kwa nani. Wenzake wanaona. Wakirudi vitini hakuna anayelitaja jambo hilo. Ukimya huo ndio unaomhitaji msanii.

Lakini aingie vipi? Augusto Boal, Mbrazili aliyefariki mwaka 2009, aliwapandisha waigizaji kwenye metro ya Paris bila abiria kujua kwamba ni igizo. Mwanamke anabughudhiwa, watu wanaingilia, behewa zima linabishana. Najua vijana wengi wa jukwaani wanavutiwa na mbinu hiyo. Kwa barabara hii naipinga waziwazi. Paris mlango hufunguliwa baada ya dakika chache, asiyetaka akashuka. Ukitoka Bangale kwenda Madogo utashukia wapi, nyikani? Tena abiria wa kaskazini hawajasahau basi lililotekwa Mandera Novemba 2014, watu 28 wakauawa. Ugomvi wa kubuni kuhusu dini au kabila, kwa mtu asiyejua kwamba ni mchezo, ni hofu tupu.

Wala abiria hao si wa kufundishwa utu. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, washambuliaji wa basi jingine walitaka Wakristo watengwe na Waislamu. Waislamu walikataa, na wanawake wakawapa wenzao hijabu wajifunike. Mmoja wa Waislamu hao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Wanafunzi wa Hamburg Media School walilitengenezea tukio hilo filamu, Watu Wote, iliyowania Oscar mwaka 2018. Msanii anayepanda basi letu akae kwanza awasikilize abiria.

Kwa hiyo nawaomba wasanii: zungumzeni na kondakta kabla ya safari, jitambulisheni kwa abiria, semeni wazi kwamba ni igizo. Hata akikataa abiria mmoja tu, ngojeni basi lisimame, mcheze stendi, anayetaka aje atazame.