Sera ya nishati ifundishwe kwa kompyuta

Mhariri,

Mwanafunzi wa sekondari hukariri kwamba Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 unataka ongezeko la joto duniani libaki chini ya nyuzi 2. Akiulizwa nchi zifanye nini ili kufika huko, hunyamaza.

Kipo chombo cha kumfungua mdomo. En-ROADS, programu ya shirika la Climate Interactive na chuo cha biashara cha MIT Sloan cha Marekani, hupatikana bure kwenye intaneti. Mwanafunzi hupandisha kodi ya kaboni, hupunguza makaa ya mawe au hupanda miti, na papo hapo grafu humwonyesha joto la mwaka 2100. Hapo hugundua kwamba miti peke yake haitoshi, kwani huchukua miongo kukua.

Mjadala huu ni wa nyumbani pia. Mwaka 2020 Kenya iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 32 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua zozote. Umeme wake mwingi tayari hutokana na mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, maji na upepo; kazi kubwa imebaki kwenye kilimo, magari na kuni.

Walimu wa jiografia, kompyuta moja na projekta vinatosha darasa zima. Anzeni muhula huu.

Msomaji wenu,
Nakuru