Hiari Gani Yenye Tarehe ya Mwisho?

Kama wewe, kakako au mamako anafanya kazi kwa kampuni ya ndege, siku moja huenda akaletewa barua tamu. Kampuni ina shida ya pesa, kwa hivyo anayetaka kuondoka kwa hiari au kustaafu mapema atapewa kitita. Jibu latakikana kabla ya Ijumaa.

Hebu tuulizane, ni hiari gani hiyo ikiwa kila mtu kazini anajua wasipojitokeza wa kutosha, barua ya pili haitaomba?

Kenya Airways walipopunguza wafanyakazi 2012 walianza hivyo hivyo, kwa kustaafu mapema kwa hiari. Halafu wengine 447 wakaachishwa kazi. Chama chao kikaenda kortini, na Desemba mwaka huo jaji akaamuru warudishwe. Mwaka wa 2014 Korti ya Rufaa ikaitupa amri hiyo ya kurudishwa, ingawa ilisema utaratibu wa kuwatoa ulikuwa na kasoro. Unaona, wale 447 angalau walikuwa na kesi. Ukishaweka sahihi kwamba umeondoka kwa kupenda kwako na huna dai lolote tena, utamwambia nini jaji?

Sasa pesa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema anayeachishwa kwa sababu kazi imepungua alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Juu yake kuna notisi ya mwezi au mshahara wa mwezi, na siku za likizo ambazo hakwenda. Chukua mtu wa mshahara wa 60,000 aliyekaa miaka kumi. Siku 15 ni kama 30,000, mara kumi ni 300,000. Ongeza notisi, 60,000. Hiyo ni 360,000 kabla ya likizo, na KRA bado hawajakata chao. Kwa hivyo akiambiwa "tunakupa laki nne", zawadi yenyewe ni 40,000 tu! Nyingine yote ilikuwa haki yake.

Si kwamba kila barua ni mtego. Mtu aliyebakisha miaka miwili astaafu, hana mkopo, anaweza kuichukua na akafaidika. Huko Marekani wakati wa korona 2020, zaidi ya watu 17,000 wa Delta waliondoka kwa hiari, na mpango wao ulikuwa na bima ya matibabu na tiketi za ndege, si pesa taslimu peke yake. Kwa hivyo uliza: bima ya watoto inaisha lini? Mkopo unaokatwa kwenye mshahara utalipwa na nani? Pensheni itahesabiwa vipi nikitoka leo?

Majibu yaje kwa maandishi. Na kabla ya hiyo Ijumaa, ipeleke barua kwa chama chako, au kwa afisa wa leba wa kaunti, aisome kabla hujashika kalamu.