Wanatuonyesha theluji, msitu unaungua

Makamanda, kila mwaka tunaimbiwa wimbo uleule: theluji ya Kilimanjaro inaisha. Ni kweli inapungua. Ila mimi nasema theluji imekuwa kisingizio. Waziri akitaja theluji, lawama zinaenda kwenye viwanda vya Ulaya na China, yeye anabaki msafi. Akitaja moto, itabidi ajibu maswali.

Andreas Hemp, mtafiti wa mimea kutoka Ujerumani aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alipima uoto kwenye viwanja zaidi ya 1,500 na kulinganisha picha za satelaiti za 1976 na 2000. Mwaka 2009 aliandika kwamba moto umekula kilomita za mraba 150 za msitu wa mawingu ndani ya miongo mitatu. Mpaka wa juu wa msitu umeshuka mamia ya mita. Akasema wazi: madhara yake ni makubwa kuliko ya kupotea kwa barafu.

Kwa nini? Kwa sababu msitu ule unakamua ukungu. Majani yananasa unyevu, maji yanadondoka, yanaingia ardhini, yanakuja kwenye mito na mifereji ya Wachaga mpaka Pangani. Moto unakata bomba hilo.

Kuna wanaosema, "Moto ni kawaida, majani yataota." Hawa hawajui wanachosema. Miti ya Erica huchipua tena baada ya moto, sawa. Lakini moto ukirudi kabla haijakua, inabaki vichaka, na vichaka havinasi ukungu kama msitu. Halafu kuna Dendrosenecio kilimanjari, ule mmea wa ajabu ambao kila mtalii anaupiga picha. Asili yake ni mlima huu tu, hakuna kwingine duniani. Unajifunika kwa majani yake makavu kujikinga na baridi ya usiku. Moto ukifika, koti hilo linageuka kuni. Ukiisha hapa, tutauagiza wapi?

Tabianchi inakausha msitu, sikatai. Ila cheche inatoka kwa binadamu: warina asali, majangili, majiko ya kambini. Hilo linazuilika.

Sasa tazama rekodi yao. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo. Nchi ilikuwa kwenye kampeni. Mamia ya wananchi na wanafunzi walipanda kupambana nao, na ukawaka zaidi ya wiki. Ungedhani tumejifunza. Agosti 2022 serikali ikapeleka intaneti ya kasi mlimani, mbwembwe tele, mawaziri na kamera. Oktoba hiyohiyo mlima ukawaka tena, ikabidi jeshi lipelekwe. Yaani mtalii anaweza kurusha video ya moto mubashara, lakini wa kuuzima mpaka aitwe kambini!

Msituambie hakuna pesa. Mgeni analipa dola 70 kwa siku kabla ya kodi, na dola 20 za uokoaji kwa safari. Mtu ana ada ya kuokolewa. Mlima unaomleta hauna?

Mimi nataka mambo matatu, na nataka kila kijana wa chama ayabebe kwenye mikutano ya vijiji. Kwanza, kikosi cha kudumu cha vijana wa vijiji vinavyouzunguka mlima, wenye mafunzo, vifaa na mshahara unaotoka kwenye ada hizo. Pili, wapagazi wapewe gesi na mavazi ya baridi; usimlaumu mtu kwa kuwasha moto wakati umemwacha atetemeke. Tatu, baada ya kila moto ripoti itolewe hadharani, kwa Kiswahili: nini kimeungua, nini kimerudi, nini hakijarudi.

Wakisema tunaleta siasa kwenye msitu, wajibuni hivi: bajeti ni siasa, na maji ya bomba la mama yako ni siasa. Oktoba inakuja kila mwaka. Waulizeni mapema.